Kinasa Sauti cha Kaka

Jumamosi asubuhi nyumba yao ilinuka mvuke. Mama alikuwa dobi, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa duka lake, ofisi yake na, siku za mvua, mahali pake pa kuanikia. Pasi ilishuka juu ya shati, ikafoka kidogo, ikapanda, ikashuka tena. Mashati ya wateja yalining'inia ukutani kwa safu, kila moja na kikaratasi chake kifuani, na upepo wa dirishani ulipoyapitia yalipunga mikono polepole.

Chini ya mashati hayo aliketi msichana wa miaka kumi na miwili akikunja foronya. Au tuseme alitakiwa kukunja foronya, maana ile iliyokuwa mapajani pake ilikuwa palepale tangu chai. Alikuwa akiisikiliza pasi. Alikuwa amegundua kwamba ikifoka, kisha meza ikalia kwii, kisha Mama akavuta pumzi, unapatikana mwanzo wa wimbo. Akawa anaufuata kwa sauti ya chini, midomo imefumba, macho yako mbali. Kwa tabia hiyo ya kuvumisha nyimbo kutwa nzima mtaa wote ulimwita Kinanda, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye daftari la mahudhurio tu.

"Kinanda!" Mama aliita. Kimya.

"Wewe Kinanda!" Bado kimya. Soksi iliyoviringwa ikatoka upande wa mkekani, ikampata puani barabara.

"Unaitwa," alisema Kaka, akicheka. Kaka alikuwa haoni, lakini pua ya mdogo wake alijua ilipo.

Kaka alikuwa na miaka kumi na minne. Miaka miwili nyuma alishikwa na homa kali, na homa ilipoondoka iliondoka na macho yake. Alilia, akakasirika, akakaa kimya miezi kadhaa, halafu siku moja akaomba apewe kazi. Sasa alikuwa akipanga soksi za wateja kwa vidole bila kukosea hata jozi moja, na alikuwa amejifunza kusoma maandishi ya nukta nundu, yale ya vinukta vilivyoinuka kwenye karatasi. Muhula huu shule ilikubali arudi darasani, lakini kwa majaribio ya wiki mbili. Mwalimu wa darasa hakumficha kitu. Ijumaa ijayo kungekuwa na mtihani mdogo. Akifaulu, atabaki. Asipofaulu, itabidi ahamie shule ya bweni, mwendo wa siku nzima kwa basi, awe anakuja nyumbani likizo tu.

Wiki ya kwanza ilikuwa imekwenda vibaya. Kuandika nukta nundu kwa mkono ni kutoboa nukta mojamoja, na mwalimu alikuwa na ulimi mwepesi. Kaka akimaliza kutoboa sentensi moja, ubao ulikwisha kufutwa. Kinanda hakupenda kuliwaza jambo hilo. Kila alipouona mkeka ule akilini mwake bila Kaka juu yake, alikimbilia kuvumisha wimbo mwingine.

Kaka alipotoka kwenda kwa mwalimu wake wa nukta nundu, Mama aliisimamisha pasi, akafungua pindo la kanga yake na kutoa pesa zilizokunjwa.

"Sikiliza, mama," alisema, na alipomwita binti yake hivyo ujue jambo ni zito. "Nenda kwa Shangazi Fundi. Baba yako yuko safarini na lori, mimi nguo hizi zinangojwa. Ukanunue mashine ya kunasa sauti, Kaka awe anarekodi masomo halafu anayasikiliza nyumbani. Wewe una masikio kuliko sisi sote. Lakini mweleze Shangazi ni ya nani na ni ya kazi gani. Mengine mwachie yeye. Umenisikia, au umeshafika mwezini?"

"Nimesikia, Mama."

Na kweli alikuwa amesikia.

Kibanda cha Shangazi Fundi kilikuwa kwenye kona, katikati ya duka la vifungo na duka la baiskeli. Ndani mlijaa redio zilizofunguliwa matumbo, nyaya za kila rangi, na spika zilizopangwa hadi darini. Shangazi Fundi mwenyewe alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyokaa paji la uso muda wote, kiasi kwamba watoto walibishana kama ilikuwa ya kuonea au ya pambo. Alisifika kwa kazi yake na kwa sharti lake. Mashine haikutoka kibandani mpaka mnunuzi aitamkie kwa sauti yake ni ya nani na ni ya kazi gani. Kama mashine iliweza kurekodi, maneno hayo yalirekodiwa humohumo. "Imjue bosi wake," alikuwa akisema. "Mimi siuzii watu mapambo."

Alimwekea Kinanda mashine mbili juu ya meza, akamwambia azitazame wakati yeye anamalizia kuchomelea waya. Ya kwanza ilikuwa ya kijivu, nene, na mbaya kama kipande cha sabuni ya kufulia, yenye vitufe vikubwa vilivyotuna. Ya pili ilikuwa ya buluu. Ilikuwa nyembamba, uso wake wote kioo, na ndani ya kioo rangi zilikuwa zikielea bila haraka.

Kinanda alivaa hedifoni za ile ya buluu. Wimbo ukaanza.

Sijui nikuelezeje. Zilianza nyuzi, taratibu, zikitoka upande wa sikio la kushoto na kupita ndani ya kichwa chake hadi kulia. Kibanda kikaondoka. Mtaa ukaondoka. Alikuwa anatembea juu ya kitu laini, pengine maji, pengine foronya zote za Mama zimetandikwa hadi upeo wa macho, na mtu asiyeonekana alikuwa akimwimbia kwa sauti iliyomfahamu. Aliona ametulia kama hajawahi kutulia. Wimbo ulipokwisha, machozi yalikuwa yanamlengalenga, na Shangazi Fundi alikuwa mbele yake amejishika kiuno.

"Umerudi?" aliuliza Shangazi. "Karibu. Haya, ya nani, na ya kazi gani?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Maneno aliyajua, yalikuwa mdomoni. Lakini vidole vyake vilikuwa bado vimeishika ile ya buluu, na kichwa chake kikaanza kumtetea mbiombio. Kaka naye si anapenda nyimbo? Si mashine ni mashine? Si watakuwa wanaitumia pamoja?

"Ni... ni yangu," alisema. "Ya kusikilizia nyimbo."

"Aa, kama ni nyimbo, chukua hiyo ya buluu, hutajuta. Ingekuwa ni ya kurekodi watu wakizungumza ningekukataza. Maiki yake ni ya kubahatisha. Kwa kazi hiyo ni huyu mbaya wa kijivu."

Kinanda alisikia kila neno. Alikuwa bado na nafasi. Akameza mate, akatazama chini, akajitia hamnazo. Shangazi Fundi akagusa kioo, akamsogezea mashine mdomoni, naye akayarudia maneno yale yale, safari hii kwa sauti ndogo zaidi. Kisha akalipa, akaenda nyumbani, na njia nzima hakuvumisha wimbo wowote.

"Fundi amesemaje?" Mama aliuliza.

"Amesema hii ndiyo yenyewe."

Kaka aliipokea kwa mikono miwili. Uso ulimng'aa kwa furaha hata Mama akageukia dirishani. Alipapasa mbele, akapapasa nyuma, akapapasa mbele tena.

"Vitufe vyake viko wapi?"

"Haina vitufe. Unagusa kioo."

"Sasa nitajuaje nimegusa wapi?"

Kinanda alifikiri haraka. "Nitakuwashia mimi kila asubuhi kabla ya kengele. Wewe kazi yako ni kuiacha iende."

"Sawa," alisema Kaka. Aliendelea kuipapasa kwa kidole gumba, taratibu.

Jumatatu Kinanda aliiwasha. Jioni wakaketi mkekani kusikiliza. Walisikia viti vikiburutwa, mtu akikohoa, kalamu ikianguka, na nyuma kabisa sauti ya mwalimu ikizungumza kana kwamba amefungiwa ndani ya pipa. Lile somo la mvua, jinsi maji yanavyopanda na kushuka, halikusikika hata sentensi moja kamili. Jumanne ilikuwa mbaya zaidi. Mkono wa shati la Kaka uligusa kioo, na badala ya kurekodi mashine ikaanza kupiga muziki katikati ya somo. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu akaamuru ifungiwe mkobani.

Jambo lililomuumiza Kinanda kuliko yote ni hili. Kila jioni, Kaka akishindwa, alimpa mashine. "Chukua, sikiliza nyimbo zako," alimwambia, bila kinyongo. Naye alivaa hedifoni, zile nyuzi zikaanza upande wa kushoto, na hakwenda popote. Alibaki palepale mkekani, akimtazama kaka yake ameshika tama mbele ya karatasi tupu.

Jumatano mwalimu alileta barua mwenyewe. Mama aliisoma amesimama, kisha akaisoma tena ameketi.

"Anasema hujaandika chochote wiki hii," alisema. "Anauliza ile mashine vipi."

Kinanda alihisi masikio yanamwaka moto. Kabla hajafungua mdomo, Kaka akajibu.

"Mashine ni nzuri, Mama. Mimi ndiye nimeshindwa kuitumia."

Mama aliikunja barua. Halafu akavuta begi kubwa kutoka juu ya kabati, akalipangusa vumbi. Akachukua mashati ya Kaka, akaanza kuyapiga pasi moja baada ya jingine. "Kesho nitamwambia mwalimu tumekubali lile la bweni," alisema. "Sitaki mwanangu akachekwe tena Ijumaa. Huko watakufundisha vizuri, baba. Likizo si mbali." Alisema maneno hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, lakini kola moja aliipiga pasi mara tano.

Kinanda alikuwa amezoea kuyaona mashati yakikunjwa katika chumba kile. Yote yalikuwa ya watu. Hakuwahi kuona ya kwao yakikunjwa hivyo, yakiwekwa begini, yakiondoka. Alilia kabla ya kusema, ikawa ni kwikwi tupu hata Mama akadhani ameungua.

"Nini? Umegusa pasi?"

"Mashine ni mbaya! Si Kaka! Ni mimi!" Yakatoka yote kwa mpigo, hayana mbele wala nyuma. Wimbo, kioo, swali la Shangazi Fundi, jibu lake, ile ya kijivu aliyoambiwa ndiyo ya kurekodi akajifanya hakusikia. "Nilimwambia ni yangu," alimalizia. "Nilisema ni ya nyimbo."

Mama aliichomoa pasi ukutani. Alimtazama binti yake kwa jicho ambalo Kinanda angeona afadhali viboko. Lakini aliyesema kwanza alikuwa Kaka.

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Jumapili ile, ulipokwenda kuchota maji, niligusagusa kioo mpaka kikatoa sauti. Ilikuwa sauti yako. 'Ni yangu, ya kusikilizia nyimbo.'"

Kinanda alipigwa na butwaa. "Mbona hukusema? Mbona leo umejitwisha wewe lawama?"

Kaka aliinua mabega. "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Nilijua utasema. Ila nilianza kuona unachelewa, nikaogopa begi litatangulia."

Alhamisi, baada ya masomo, watatu hao waliongozana hadi kibandani. Mama hakuwa amemwambia mwalimu lile la bweni, na alikuwa ameifunga kazi yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku ya Alhamisi. Shangazi Fundi aliisikiliza habari yote huku miwani ikiteremka yenyewe hadi puani, na hapo ikathibitika kwamba kweli ilikuwa ya kuonea.

"Nilikuuliza swali moja tu, mtoto wewe," alisema. "Moja! Sikukuuliza hesabu." Akaigeuza ile ya buluu. "Na imeshapata mkwaruzo."

"Nitakuja kila Jumamosi kufuta vumbi na kupanga nyaya," Kinanda alisema. "Mwezi mzima."

"Miezi miwili. Nyaya zangu huzijui." Kisha akamgeukia Kaka, na sauti yake ikalainika. "Haya bosi, chagua mwenyewe."

Hapo Kinanda akaona jinsi mashine inavyochaguliwa. Kaka hakuuliza rangi. Alipitisha vidole juu ya ile ya kijivu, akakigundua kitufe cha kurekodi kwa alama yake iliyotuna, akakibonyeza, akakizima, akakibonyeza tena hata akaweza kukipata bila kusita. Halafu akamtuma Mama asimame ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la baiskeli, aseme chochote kwa sauti yake ya kila siku. Mama aliona haya, akatazama huku na huku, akasema, "Sijui hata niseme nini, na watu wananiangalia." Kaka alipoirudisha rekodi, kila neno lilikuwa humo, hata haya ya Mama ilisikika.

"Hii," alisema Kaka.

Mashine ilikuwa imepatikana, lakini masomo ya wiki mbili yalikuwa yamepita na mtihani ulikuwa kesho yake. Kinanda hakungoja kuambiwa. Alikimbia hadi nyumbani kwa mwalimu wa darasa, akamweleza ukweli wote mlangoni, huku akitamani ardhi ipasuke, akaomba daftari lake la maandalio. Mwalimu alimtazama sana. Kisha akampa.

Jioni ile Kinanda alisoma, na mashine ya kijivu ikamsikiliza. Alisoma jinsi jua linavyochota maji kwenye mito na madimbwi bila ndoo, jinsi mvuke unavyopanda usionekane, ukapoa huko juu na kuwa wingu. Mara mbili mawazo yalianza kupanda pamoja na mvuke ule. Alitazama kidude chekundu kilichokuwa kikiwaka kwenye mashine, akakumbuka kwamba upande wa pili wa maneno yake kuna mtu, akarudi kwenye mstari. Alisoma hadi sauti ikakwaruza. Mama alimletea maji ya moto, akarudi kwenye pasi yake. Na Kaka, akiwa amelala chali mkekani, aliyapokea mawingu yale yote moja baada ya jingine, midomo ikimcheza.

Ijumaa mwalimu alimsomea Kaka maswali, naye akajibu kwa mdomo. Hakuwa wa kwanza. Hakuwa wa kumi. Lakini alifaulu, na kwenye swali la mvua alipata alama zote, mwalimu akamwambia hajawahi kusikia mwanafunzi akilieleza wingu kana kwamba amelala ndani yake.

Alipoingia nyumbani na habari hiyo, Mama alipiga kigelegele kimoja kikali hata mteja aliyekuja kuchukua suruali akarudi nyuma hatua mbili. Kaka akapita moja kwa moja hadi mkekani, akaketi, akaomba apewe soksi.

Baadaye, mteja alipoondoka, Mama alimwita Kinanda mezani. Safari hii aliitika mara ya kwanza.

"Sikukugombeza juzi," Mama alisema, "kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hasemi vizuri. Leo nina furaha, kwa hiyo nitasema. Kupenda nyimbo si kosa. Mungu amekupa masikio, yatumie. Nawe pengine unajiambia uongo wako ulikuwa mdogo, kijineno tu kibandani. Lakini uliulizwa ya nani. Ukamtoa kaka yako kwenye jibu, ukajiweka wewe. Na wewe mwenyewe uliona. Ulimtoa kwenye maneno Jumamosi, Jumatano alikuwa ameshaanza kutoka humu nyumbani."

Kinanda aliinamisha kichwa. Machozi yalidondoka juu ya shati la mtu.

"Hilo nitalipiga pasi upya," Mama alisema, akimvuta karibu. "Wewe ukiulizwa tena jambo la mwenzio, mtaje kwanza mwenzio. Ndipo ujitaje wewe."